Wapi pa kukaa na kompyuta Dodoma: Uhindini, Area D, Kisasa au mapokezi ya hoteli

Asubuhi moja jirani alibisha hodi, mtoto mgongoni, kikapu mkononi. "Jirani, nakuachia huyu, nafika sokoni Majengo mara moja. Si upo tu nyumbani?" Mezani nilikuwa na mkataba wa kurasa kumi na nne uliokuwa unasubiriwa London kabla ya saa nane mchana. Nilimpokea mtoto. Mkataba uliondoka saa kumi.

Simlaumu. Mtaani kwetu anayefanya kazi ni yule anayetoka na begi alfajiri kuwahi basi la Mtumba kwenye ofisi za serikali, akarudi jioni na mkate. Anayeshinda ndani na kompyuta yupo nyumbani tu, na aliye nyumbani tu ndiye wa kupokea mizigo ya watu, kumsubiri fundi bomba na kushika watoto. Mume wangu alipohamishwa na wizara yake kutoka Dar, mimi nilihama na kazi yangu ndani ya begi: natafsiri na kuhakiki maandiko kwa wateja wa Uingereza na Marekani. Ilinichukua karibu mwaka kuelewa kwamba nikitaka kuhesabiwa kuwa niko kazini, na mimi lazima nionekane natoka na begi.

Haya, nitoke niende wapi? Hapo ndipo nilipoanza kuzunguka, na haya ndiyo niliyoyaona. Majina ya mikahawa sitayataja. Hapa Dodoma sehemu inafunguliwa kwa mbwembwe, baada ya miezi kadhaa ubao umebadilishwa, mpishi kahama na mwenyewe kaamua kuuza vifaa vya ujenzi. Kinachodumu ni tabia ya mtaa: kuta zake, barabara yake, na watu wanaoingia saa fulani. Hivyo nalinganisha mitaa na aina za sehemu, nawe utajua mlango wa kugonga ukifika.

Anza na saa yako ngumu

Ukimwuliza mtu sehemu nzuri ya kukaa, atakuambia kahawa yao ni tamu. Kahawa utainywa kwa dakika kumi. Kiti utakikalia saa nne. Nimeacha kuuliza habari za kahawa. Ninachopima ni kitu kimoja: sehemu hii inakuwaje katika saa yangu ngumu?

Kila kazi ina saa yake ngumu. Kwa anayefundisha kwa video ni pale darasa linapoanza. Kwa anayepakia mafaili makubwa ni usiku wa mwisho wa mwezi. Mimi ni Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni, kwenye mkutano na mteja wa New York. Yeye anafungua siku yake saa tatu asubuhi, ambayo kwetu ni saa kumi jioni kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba. Wakirudisha saa zao nyuma, mkutano unasogea hadi saa kumi na moja, maana sisi saa zetu hazigeuzwi. Wa London ni nafuu: saa tatu yao ni saa tano yetu wakati wa kiangazi chao, na saa sita mchana wakati wa baridi yao.

Sasa tazama Dodoma inafanya nini saa kumi. Ofisi za serikali zinafungwa saa tisa na nusu. Mabasi na magari yanashuka kutoka Mtumba, bajaji zinajaa, na mtu aliyekaa na mafaili tangu asubuhi anataka chai, kitafunwa na wa kuzungumza naye. Sehemu iliyokuwa kimya kama msikiti saa nne asubuhi, saa kumi na nusu ni kama ukumbi wa kitchen pati. Nilipumbazwa na hilo mara tatu. Nilikuwa naenda kukagua sehemu asubuhi, naipenda, narudi jioni kufanya mkutano, naaibika.

Kwa hiyo kama huna mikutano kabisa, nusu ya maneno ya huku chini hayakuhusu, na Uhindini patakufaa kuliko unavyodhani.

Uhindini: ubaridi wa kuta nene

Uhindini ndiko mjini kwenyewe. Benki, famasi, vitambaa, vipuri, Nyerere Square kwa miguu. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910 na mji ukajengeka kando ya stesheni, ndiyo maana majengo ya huku ni ya zamani kuliko ya kokote utakapokaa na kompyuta katika jiji hili. Kuta nene, dari ya juu, mlango mpana unaotazama barabarani.

Faida ya kuta hizo utaijua Oktoba na Novemba, joto linapopita nyuzi 30 na mvua bado. Ndani ya mgahawa wa Uhindini unapumua. Hasara yake ni kuta hizo hizo: mtandao wa simu unakufa hatua tatu kutoka mlangoni. Nikikaa kule ndani kwenye giza zuri la baridi, simu inabaki na mstari mmoja. Nikihamia meza ya mlangoni mistari inapanda minne, na napata pia vumbi, honi, na wauza soksi. Wengi huku hawana waifai ya wateja, kwa hiyo mtandao ni bando lako mwenyewe, na meza ya mlangoni ndiyo ofisi.

Soketi ni hadithi yake. Mgahawa ninaoupenda kuliko yote Uhindini una soketi mbili kwa wateja, na zote mbili zina kazi. Siku ya kwanza nilizunguka na waya wangu kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Mama wa kaunta alinitazama, akamaliza kuhesabu chenji ya mtu, kisha akasema: "Chomoa ya feni. Ya friji usiguse, hata kama mimi sipo." Chini ya kaunta palikuwa na kikapu cha simu za bodaboda zinazochajiwa, zimeunganishwa kwenye ekstensheni moja iliyofungwa utepe mweusi. Nikachomoa ya feni. Mzee aliyekuwa chini ya feni hiyo akikunjua gazeti aliniangalia juu ya miwani na hakusema kitu, jambo lililoniumiza zaidi ya kama angesema. Tangu hapo naenda na betri iliyojaa.

Jambo dogo la plagi: kompyuta nyingine zinazouzwa hapa zina plagi ya pini mbili. Soketi za majengo ya zamani ni za pini tatu, na zingine zimelegea kiasi kwamba adapta nyepesi inaning'inia na kuchaji kwa kudokoa. Beba adapta nzito.

Bei ndiyo inayofanya nirudi. Chai ya maziwa, sambusa mbili, na unakaa. Hakuna anayekuja kukuuliza umemaliza lini, kwa sababu wenyeji wa sehemu wamezoea wateja wa kukaa: wafanyabiashara wanaosubiri mzigo, wazee wa gazeti, mtu aliyetoka kijijini anayesubiri basi la saa nane. Ukitaka kahawa, mara nyingi ni Africafe ya unga, maji ya moto na sukari mezani. Ipo pia ile ya birika, chungu, kikombe cha sentimita chache, na kashata pembeni. Hiyo ni ya kunywa umesimama nje, na kwa mawazo yangu inazidi kila kahawa ya mashine iliyopo Dodoma.

Saa kumi je? Hapana. Adhana ya alasiri inaingia karibu na wakati huo. Hiyo hainisumbui, nabonyeza kitufe cha kunyamazisha kipaza sauti na kusubiri. Kinachonishinda ni kwamba baada ya sala watu wanatoka na chai inaanza upya, vijiko kwenye glasi, viti vya chuma kwenye sakafu ya saruji. Sauti kwenye dari ya juu hairudi chini, inazunguka. Kuandika naweza. Kumwambia mteja kwa nini neno moja la mkataba limebadilishwa, siwezi. Na katika mwezi wa Ramadhani ulizia kwanza, maana baadhi ya sehemu za huku hazifunguki mchana.

Area D: nyumba iliyogeuzwa mkahawa

Nasema mkahawa hapa kwa makusudi. Uhindini ni migahawa, pa kula, kahawa ipo kama jirani wa supu. Area D na mitaa inayoizunguka ndiko mtu amechukua nyumba ya kuishi, akabomoa ukuta mmoja, akaweka mashine ya kahawa, maua na taa za kamba, akauza kikombe kwa bei ya sahani ya wali maharage na chenji. Viwanja vya huku vilipimwa kwa nafasi. Mpaka leo utasikia mtu akitaja "kiwanja cha CDA", ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, ingawa iliyoundwa 1973 ilivunjwa 2017. Kwa hiyo kuna ua, mti, pa kuegesha gari, na mlinzi getini. Ukimwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", anakukumbuka wiki nzima.

Ukilinganisha na Uhindini, kitu cha kwanza kinachobadilika ni macho ya watu. Uhindini, mwanamke na kompyuta ni kioja kidogo. Watoto wa shule wanasimama kuangalia. Area D kila meza ya pili ina kompyuta: wa shahada ya uzamili anayepigana na sura ya tatu, mshauri wa mradi, kijana wa michoro, watu wa mashirika. Hakuna anayekuona. Soketi zipo ukutani, kwa sababu ilikuwa nyumba na kila chumba kilikuwa na zake. Waifai ipo, neno la siri liko kwenye risiti au kwenye kibao.

Kitu cha pili ni kwamba veranda, ambayo ndiyo inayowekwa kwenye picha, ndiyo mtego. Sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na mvua tunazipata mara moja tu kwa mwaka, Desemba hadi Machi, mara nyingine Aprili. Miezi yote iliyobaki ni ukavu, na kuanzia Juni upepo unaanza. Unafungua kompyuta saa tatu, saa tano vitufe vina ungaunga mwekundu. Nina brashi ya poda niliyoitoa kwenye vipodozi, sasa kazi yake ni hiyo tu. Asubuhi za Julai verandani utahitaji sweta. Walioshuka juzi kutoka Dar hawaamini mpaka wapate mafua. Jua la jioni nalo, kama veranda inatazama magharibi, saa kumi kamili linakaa juu ya kioo chako na huoni hata uso wa unayeongea naye.

Mvua ikija ni balaa la aina nyingine. Januari mmoja nilikuwa katikati ya mkutano chini ya paa la bati lisilo na dari. Ilianza na matone matatu, nikajipa moyo. Nusu dakika baadaye sikujisikia mwenyewe. Mteja aliona mdomo wangu unachezacheza, akaandika: "Uko salama?" Mkutano wote uliobaki niliufanya kwa kuandika. Kwa hiyo kabla hujakaa Area D, inua macho. Kama unaona bati, hapo ni pa kiangazi.

Ninapokaa mimi ni chumba cha nyuma. Karibu kila nyumba iliyogeuzwa ina chumba kimoja ambacho mwenye mkahawa hakujua akifanyie nini: kidogo, dirisha lenye nondo, meza mbili. Changu kilikuwa cha mtoto. Juu ya swichi bado kuna vibandiko vya nyota vilivyokataa kubanduka. Hakipendezi kwenye picha, na ndiyo maana saa kumi na nusu, umati wa Mtumba unapoingia, wote wanakwenda verandani na uani. Mimi nafunga mlango nusu. Hiyo ndiyo siri yangu ya Area D, na najua nikiitoa hapa nitaanza kuigombania.

Kisasa

Kisasa sitakaa sana. Ni mbali kidogo na mjini, nauli za bajaji zinajumlika, na sehemu nyingi nzuri kule asubuhi ni mkahawa, jioni ni nyama choma na spika. Ukiwa unaishi kule, vizuri, una asubuhi tulivu kuliko zangu. Kuanzia Ijumaa mchana sahau. Niliwahi kuomba wapunguze mziki kidogo. Kijana alipunguza kwa heshima zote, akaenda jikoni, mwenzake akaja akaongeza.

Mapokezi ya hoteli

Hapa ndipo hesabu ya Dodoma inapotofautiana na ya mji mwingine wowote nchini. Hoteli za huku zinaishi kwa vitu viwili: semina na Bunge. Ukijua kalenda ya hivyo viwili, mapokezi ya hoteli ni ofisi bora kuliko mkahawa wowote. Usipoijua utafukuzwa na kelele, au na bei, au na macho.

Tuanze na uzuri. Zulia linakula sauti. Jenereta ni la uhakika kwa sababu kuna lifti na vyumba vya baridi vya jikoni. Choo ni kisafi, jambo ambalo kwa mwanamke anayekaa saa sita mahali ni nusu ya uamuzi, ingawa wanaume wanaoandika habari hizi hawaligusi. Viti vina mgongo. Wahudumu wamefundwa kutosogeleasogelea. Kahawa na maji vitakugharimu kidogo zaidi ya Area D, si sana.

Semina sasa. Chai ya semina ni saa nne, chakula ni saa saba. Nusu saa hizo mapokezi yanageuka stendi: watu themanini wenye beji shingoni, kila mmoja anapiga simu aliyokuwa ameizuia tangu asubuhi. Lakini wanakuja kwa saa na kuondoka kwa saa. Nimepanga kazi zangu kuwazunguka. Saa nne na mimi nasimama kunyoosha miguu.

Bunge ni jambo jingine. Mkutano wa bajeti unaanza Aprili na kwenda hadi mwisho wa Juni, kabla mwaka mpya wa fedha haujaanza tarehe mosi Julai, na kuna mikutano mifupi mingine nyakati nyingine za mwaka. Miezi hiyo mapokezi si ya kwako. Kuna mtu wa wilayani aliyekuja kumwona mheshimiwa wake, kuna wa jimboni waliokuja wanane, kuna wenye mafaili, wenye suti, na televisheni ukutani inarusha kikao moja kwa moja kwa sauti ya kutosha. Mei mwaka fulani nilithubutu mkutano wa saa kumi hapo. Nyuma yangu mtu aliingia, na kundi zima likainuka: "Mheshimiwaaa!" Wakakumbatiana, wakapigana mabega, wakacheka. Mteja wangu aliuliza kwa upole kama nimempokea nikiwa harusini.

Na yapo macho. Mwanamke peke yake kwenye mapokezi ya hoteli, jioni, watu wana majibu yao tayari kabla hawajauliza. Binti wa mapokezi aliwahi kuniambia, kwa nia njema, "Dada, unamsubiri nani nikuitie?" Nimejifunza kuagiza kabla sijakaa, kutoa makaratasi mezani pamoja na kompyuta, na kukaa upande unaoonekana na mapokezi. Tangu wanizoee hawaulizi, na mmoja wao hunitunzia kiti cha kona.

Kwa hiyo: kati ya Julai na mwanzo wa Aprili, ukiruka wiki za vikao, hoteli inaishinda Area D kwa mikutano. Bunge la bajeti likianza, rudi kwenye chumba chenye nyota.

Maktaba ya mkoa niitaje kwa haki yake. Ni pa bei ndogo kuliko kote na kimya chake ni cha kweli, wanafunzi wamejaa mitihani kichwani. Kuhakiki maandishi marefu sijapata mahali pazuri zaidi. Kuongea huwezi, chai huingizi, na ikifika jioni wanafunga kwa saa yao, si yako. Kwa asiye na mikutano ni jibu, wala asisome zaidi.

Umeme na mtandao: uliza swali sahihi

Kila mtu anauliza, "Mna jenereta?" Wote watakujibu ndiyo. Swali la maana ni ruta imechomekwa wapi. Umeme ukikatika, hata jenereta likiwaka baada ya sekunde kumi, ruta imeshazimika, na kuwaka upya hadi ikupe mtandao ni dakika mbili, tatu. Kwenye mkutano hizo ni dakika za kupoteza mteja. Sehemu yenye ruta kwenye UPS ndogo, ile betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika, hata kama jenereta lao linakohoa, inaishinda yenye jenereta kubwa na ruta ya ukutani. Nikiuliza hivyo wahudumu wananishangaa, kisha wanainama kuangalia, na mara nyingi wanajua kwa mara ya kwanza.

Kasi ya waifai usiipime asubuhi, ipime katika saa yako ngumu, na usitazame namba ya kupakua peke yake. Zoom yenyewe inataja kiasi cha Mbps (megabiti kwa sekunde) 1.2 kwenda na 1.2 kurudi kwa video ya watu wawili ya ubora wa 720p. Si kubwa. Ila mikahawa mingi inatoa kupakua kwingi na kupakia kiduchu, na picha yako inayogandagandika inatokana na hicho kiduchu. Kwa bando lako, kiasi hicho ni kama GB 1 kwa saa ukijumlisha kwenda na kurudi. Ukizima kamera, sauti peke yake inahitaji chini ya Mbps 0.1, na hapo hata meza ya ndani ya Uhindini inaweza kukubeba. Mimi namwambia mteja mapema: dakika tano za mwanzo tuonane, baadaye nazima.

Beba laini mbili za mitandao tofauti. Mtaa ukizimika umeme, minara ya simu huendelea kwa betri na jenereta zake, lakini hapo ndipo kila mtu anaruka kutoka waifai kwenda kwenye mnara mmoja. Ukiwa na laini ya pili ya mtandao ambao majirani zako wa meza hawautumii, unapita pembeni. Kwangu Area D laini inayonyanyua ni moja, na Uhindini ni nyingine kabisa. Sitasema ipi, kwa sababu mtaa wa pili inaweza kuwa kinyume.

Kiti kina bei

Hili linahitaji maneno, kwa sababu nimeona watu wakiharibu sehemu kwa ajili ya wengine. Kijana mmoja Area D alikaa tangu saa mbili hadi saa nane kwa chupa moja ya maji, meza ya watu wanne, soketi mbili zote zake. Wiki iliyofuata palibandikwa karatasi: waifai saa mbili tu kwa kila risiti. Wote tunalipia maji yake.

Mhudumu akija mara ya kwanza, "Dada, nikuletee nini?", anakuuliza oda. Mara ya pili, "Nikuongezee?", ni ukarimu. Mara ya tatu akija akifuta meza ambayo haina uchafu, hilo si swali. Mimi naagiza nikifika, naagiza tena baada ya saa mbili hata kama ni soda tu, na saa saba mchana kama sili hapo naachia meza kubwa nahamia ndogo. Siku nyingine natoka kabisa kwenda kwa mama ntilie kula ugali na mlenda, kwa sababu chakula cha mkahawa kila siku kitamaliza malipo ya tafsiri. Lakini kompyuta natoka nayo. Usimwachie mtu wa meza ya jirani, hata kama amevaa beji ya wizara.

Ukiweka gharama kwenye mizani, siku nzima Uhindini ninatumia chini ya nusu ya Area D, na hoteli inapita kidogo. Ila siku ya mkutano siangalii hilo. Mkutano mmoja ukivurugika, chai ya mwezi mzima ya Uhindini haiurudishi.

Wiki yangu sasa inakwenda hivi. Jumatatu na Jumatano asubuhi niko Uhindini, mlangoni, betri imejaa. Jumanne na Alhamisi naingia Area D saa nane, kabla chumba cha nyuma hakijachukuliwa, au hoteli kama waheshimiwa wako majimboni. Ijumaa maktaba, au nyumbani.

Juzi nilipitia Uhindini nje ya siku zangu. Mama wa kaunta aliniona nikivuka barabara, na kabla sijafika mlangoni nilisikia akimwambia yule mzee wa gazeti asogee kiti, feni inachomolewa.